Foleni ya Stoo ya Mafagio

Nyumbani kwetu hakuna anayejua ninasomea nini. Shangazi huwaambia watu nasomea kompyuta, na kila nikienda likizo nakuta ameniwekea simu zilizokufa juu ya kitanda nizifufue. Mjomba anaamini nasomea kuchora, na ameshaniomba nimchoree simba kwenye geti lake. Mama peke yake ndiye aliyejitahidi kulishika jina lote la kozi, Mawasiliano ya Picha na Usanifu wa Kidijitali, lakini hulisema kwa pumzi moja kama mtu anayeruka dimbwi, na akishatua upande wa pili anabadilisha mazungumzo.

Mimi nilijua nilichokifuata. Mama ni mpokezi hospitalini, na tangu utotoni nimemwona akirudi jioni bega linamuuma kwa kuwanyooshea watu mkono: maabara kule, dawa huku, meno ghorofani. Vibao vipo hospitali nzima, ila vimeandikwa kwa herufi za njano juu ya rangi ya maziwa, na hakuna anayeviona. Kwa hiyo nilipofika mwaka wa mwisho na kutakiwa kuchagua mradi, sikuumiza kichwa. Nilisema nitafanya vibao.

Mwalimu wetu wa mradi tunamwita Pikseli, jina la ile nukta ndogo kabisa ya picha ya kompyuta. Kosa la unene wa unywele analiona akiwa bado mlangoni, na akiliona huvuta hewa kwa pua kana kwamba kuna kitu kimechacha. Siku hiyo wenzangu walikuwa wamempelekea programu za simu na matangazo yanayorukaruka, naye alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika mpaka akafika kwangu. Akasema kibao ni kazi ya fundi rangi. Akaongeza kwamba mtu mzima haendeshwi na kipande cha plastiki. Nikamjibu kwamba watu wazima wanaendeshwa na plastiki kila siku, na nilijibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, maana hasira zangu ziko karibu.

"Basi niletee ushahidi," akasema Pikseli. "Picha za watu wenye akili zao timamu, wakifanya jambo lisilo na maana yoyote kwa sababu tu kibao kimesema. Ukikosa, utarudia mwaka."

Kurudia mwaka kulimaanisha kwenda nyumbani kumwambia mama aendelee kuruka lile dimbwi mwaka mwingine mzima, mbele ya shangazi. Nilitoka darasani nimekunja uso, lakini moyoni nilishaanza kucheka.

Nilichunguza vibao vya utawala wa chuo kama mwizi anavyochunguza nyumba. Bluu iliyokoza, herufi nyeupe nene, nembo ya chuo kwenye kona ya kushoto, na chini kabisa namba ndogo ya kumbukumbu ambayo hakuna anayejua inahusu nini. Hiyo namba ndiyo yenye nguvu. Kibao kisicho na namba ni maoni ya mtu, lakini kikiwa na namba kimetoka juu. Nikasanifu changu, nikakichapisha kwenye plastiki ngumu, kisha asubihi na mapema nikakibandika kwenye korido ya chini ya jengo la utawala, pembeni ya mlango wa stoo ya mafagio. Kilisema: FOLENI INAANZIA HAPA. Rafiki yangu Lenzi, ambaye hata chai hainywi kabla hajaipiga picha, aliazima nguzo mbili na utepe mwekundu kutoka ukumbi wa mahafali. Tukakaa kwenye benchi la upande wa pili, tukajitia hamnazo.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye bahasha. Alikipita kibao, akasita, akarudi, akasimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Hakugonga wala hakuuliza. Baada yake akaja dada mwenye mkoba, akamuuliza kama hii ndiyo foleni, naye akajibu kwamba ndiyo, maana kibao kilikuwa pale pale. Walipofika watano, kazi ya kibao ilikuwa imekwisha. Foleni ilikuwa inajiita yenyewe. Ikapata na sababu. Mama mmoja aliyevaa miwani aliwaambia wenzake kwa uhakika mkubwa kwamba ni uhakiki wa vyeti, na mzee wa nyuma yake akasema si vyeti, ni vitambulisho vipya, na wakabishana bila mmoja wao kutoka kwenye mstari.

Kisha mfagizi akaja kuchukua ufagio. Walimgeukia wote kwa pamoja wakamwambia apange foleni kama wengine. Akajaribu kueleza kwamba yeye ndiye mwenye funguo. Wakamwambia kila mtu ana shida zake. Mfagizi akaenda nyuma, akasimama na funguo zake mkononi, na Lenzi alicheka mpaka ikabidi aingize kichwa ndani ya begi la kamera.

Nilidhani siku haiwezi kuwa tamu zaidi ya hapo, mpaka nikamwona Pikseli akiteremka ngazi na makaratasi kwapani. Alisimama mbele ya kibao changu kwa muda mrefu. Aliinama, akakitazama kwa karibu, akarudi nyuma hatua moja, akakitazama tena. Nilishaanza kutunga uongo wa kujitetea. Lakini yeye akaenda moja kwa moja mwisho wa foleni, nyuma ya mfagizi, na dakika chache baadaye akawa anamkaripia kijana aliyetaka kupenya katikati. Lenzi akampiga picha za mbele, za ubavu na za visigino. Ushahidi wangu ukawa umekamilika, na nilikuwa na furaha ya kuruka.

Shida ilianza jioni tuliporudi kukiondoa kibao. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, mafagio yamesukumwa ukutani, na katikati pamewekwa meza, kiti na karani. Msajili wa chuo alikuwa amesikia kwamba watu wamesimama kutwa nzima bila huduma, akaona aibu. Hakumuuliza mtu foleni hiyo ni ya nini, kwa sababu Msajili akiuliza itaonekana hajui. Alimleta karani, naye karani, kwa kukosa maelekezo, akachukua muhuri wa zamani uliosomeka IMEONWA na kuanza kugonga chochote alichopewa.

Tulikubaliana kwamba jambo hilo litakufa lenyewe. Halikufa. Ofisi nyingine zilianza kuona karatasi zenye IMEONWA na zisizo na IMEONWA, na haikuchukua muda zisizo nayo zikaanza kurudishwa. Foleni ikaongezeka. Watu waliokuwa wamefika siku ya kwanza walionekana wajanja waliojua mambo mapema. Mimi nilikaa maabara yetu ya kompyuta nikipanga picha na kuandika maelezo ya mradi, nikijisifu kimyakimya, na Ijumaa mchana nikaupeleka ofisi ya mitihani. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi.

Mwanamke wa dirishani aliufunua ukurasa wa kwanza, akaugeuza, akaurudisha kwangu.

"Mbona haujaonwa?"

Nilimweleza kwa upole kwamba muhuri huo hauna maana. Akanijibu kwa upole zaidi kwamba utakuwa na maana saa kumi ikipita. Nikashuka ngazi mbio. Foleni yangu, niliyoizaa mwenyewe, ilikuwa imejaza korido nzima hadi karibu na ngazi, na mimi nikawa mkia wake. Mbele kabisa, mlangoni pa stoo, nilimwona Pikseli akiwa na fomu za alama, anayefuata kuingia.

Kwanza nilijaribu ukweli. Niliwaambia walio mbele yangu kwamba foleni hii niliitengeneza mimi kwa ajili ya masomo, kibao ni changu na muhuri hauna kazi, kwa hiyo kila mtu anaweza kwenda nyumbani. Yule mama wa miwani alikuwepo tena. Alinitazama juu mpaka chini.

"Binti, na mimi nina haraka," akasema. "Kama unataka kupita mbele, tafuta uongo wenye adabu kidogo."

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Mtu akasema wanafunzi wa siku hizi wamezidi. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa kumi, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama yangu waziwazi akilini, amekaa sebuleni na shangazi, akitafuta maneno. Nilitaka kulia. Halafu nikapata hasira, na hasira ndiyo hunifaa kuliko machozi. Nikamtuma Lenzi maabara akachapishe kibao kile kile kwenye karatasi nene, ila abadilishe namba ya chini, iwe kubwa kuliko ile ya kwanza.

Alirudi anahema. Nikakipokea nikiwa nimesimama mahali pangu, mtu wa mwisho kabisa, nikakibandika ukutani usawa wa bega langu. FOLENI INAANZIA HAPA.

Mama wa miwani aligeuka, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Kisha akageuza mwili mzima, akawa yuko nyuma yangu. Aliyekuwa mbele yake naye akageuka. Nilisikia habari ikisafiri koridoni kutoka mdomo hadi mdomo, kwamba wamegeuza. Mmoja alilalamika kwamba kule mlangoni kuna kibao kingine, akajibiwa aangalie namba, cha huku ndicho kipya. Hakuna aliyebisha tena. Karani alikaa na muhuri mkononi akimsubiri mtu asiyekuja, akatoka nje, akakiona kibao kipya kwa mbali, akaja kukisoma. Akarudi ndani. Alipotokeza tena ameshika meza upande mmoja, mfagizi ameishika upande wa pili, wakaitua mbele yangu.

Mradi wangu ukagongwa IMEONWA. Nilishukuru kwa adabu zote, nikageuka kukimbilia ngazi, nikamkuta Pikseli amesimama njiani. Alikuwa ametembea korido nzima kutoka mlango wa stoo. Fomu zake hazikuwa zimegongwa, na sasa hakuna mtu kwenye foleni ile aliyekuwa nyuma kuliko yeye. Hakunitazama. Alikuwa anatazama kibao.

"Nani ameweka hiki?" akauliza.

Nikasema nadhani ni utawala.

"Utawala hawajawahi kuweka nembo bila kuivuta ikawa pana kama chura." Akavuta hewa kwa pua. "Hii imekaa sawasawa. Na hata ile ya kwanza ilikaa sawasawa. Nilikujua siku ile ile."

Niliona mwaka wangu ukiporomoka na ngazi zote. Lakini kuna kitu hakikuniingia akilini, na mdomo wangu haujui kusubiri.

"Mwalimu, kama ulijua, mbona ulipanga foleni?"

Pikseli akavitazama vidole vyake vilivyoshika zile fomu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaonekana kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani ambalo hakulisomea.

"Kiliandikwa foleni inaanzia hapo," akasema kwa sauti ya chini.

Kisha akageuka, akarudi polepole koridoni kote, akasimama mwisho wa mstari kwa utulivu, mkono mmoja ukishika utepe. Lenzi alimpiga picha moja tu, ya mgongo. Akakimbia kuichapisha maabara, nami nikaichomeka kwenye ukurasa wa mwisho wa mradi, nikaufikisha dirishani huku yule mwanamke ameshaanza kuvuta pazia.

Nilifaulu. Pikseli aliandika maoni mafupi, kwamba ushahidi unatosha, na kwamba kwenye kibao cha pili nilifanya haraka, nafasi kati ya tarakimu za ile namba imepanuka. Mama nilimweleza kila kitu kwa simu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza kama naweza kwenda hospitalini kwao na hiyo bluu yangu, maana bega limemchosha. Nilimsikia akimwambia shangazi pale pembeni kwamba mtoto anasomea kuwaelekeza watu. Hakuruka kitu.

Kilichobaki ni usafi. Matokeo yalipotoka, mimi na Lenzi tulishuka korido ya chini tukavitoe vile vibao, turudishe na nguzo za watu, mambo yaishe. Karani alikuwa ameshapata feni na kalenda. Nilipanda juu ya benchi, nikaweka kucha chini ya kona ya kibao cha kwanza, nikaanza kukibandua. Hapo ndipo nikaona kwamba ukutani, chini kidogo ya kibao changu, utawala umebandika kingine, cha bluu, chenye namba, na nembo imevutwa ikawa pana kama chura. Kilisema: NI MARUFUKU KUONDOA KIBAO HIKI.

Lenzi aliniuliza nangoja nini. Nilikisoma mara ya pili. Kisha nikaibonyeza ile kona kwa kidole gumba mpaka ikashika vizuri, nikashuka.