Rangi ya Viatu Kizimbani

Mzee Wembe alikuwa kinyozi, na kwa imani yake kinyozi hawezi kuonekana hadharani na mvi, kama vile daktari wa meno hawezi kuonekana na pengo. Kwa hiyo asubuhi ya kusikilizwa ombi lake la dhamana, mzee huyu wa miaka sabini na tisa, mshtakiwa wa mauaji ya jirani yake, alimnyoa ndevu askari magereza, akapewa kopo la rangi nyeusi ya viatu, akajipaka kichwa kizima kwa utulivu wa mfalme anayejivika taji. Kwamba mshtakiwa wa mauaji alikabidhiwa wembe pamoja na koo la askari, hilo halikumshangaza mtu yeyote mahabusu. Wote walikuwa wateja wake.

Wakili wake, kijana mwenye tai ndefu kuliko uzoefu wake, alikuwa ameandaa maneno mazito. "Mheshimiwa," alisema, "mtazame mzee huyu."

Watu wote wakamtazama. Kizimbani alisimama mwanamume wima kama mlingoti, kichwa kinang'aa kama kiatu cha gwaride.

Mwendesha mashtaka akainuka taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba. "Mheshimiwa, mimi naona mtu mwenye nguvu za kuruka ukuta. Kosa ni kubwa. Akitoka, hatumwoni tena."

Kwanza Mzee Wembe aliona fahari. Kuruka ukuta! Kisha akamwona mkewe kwenye benchi la mbele, ameukumbatia mkoba wake, na fahari ikayeyuka. Kesi yenyewe ingeanza lini, hakuna aliyejua. Labda mwakani, labda mwaka wa pili yake. Kwa umri wake, mtu haahirishi jambo mpaka mwakani. Alitaka kulala kwake, ubavuni pa mama yule, basi.

Ukumbi ulikuwa na joto, na feni ilikuwa imegoma. Jasho likaanza kumtoka, jasho jeusi. Mchirizi wa kwanza ukapita sikioni, wa pili ukashuka mpaka puani. Karani akaziba mdomo.

"Mheshimiwa!" mwendesha mashtaka akafoka. "Hata kichwa anakighushi! Mtu anayejibadilisha sura anajiandaa kutoroka."

Wakili akainamisha uso. Jaji akauliza, "Mdhamini yupo?"

"Nipo, mwanangu," mke wa mzee akajibu, kisha akajirekebisha, "yaani, Mheshimiwa."

"Utahakikishaje hatoroki?"

"Atorokee wapi? Huyu akienda dukani, pale mwisho wa barabara yetu, hajui njia ya kurudi. Namkuta kaketi kwenye ngazi za watu, ananiambia anapumzika. Hapendi lisemwe. Lakini mficha uchi hazai, Mheshimiwa, na mimi nimezaa saba."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jaji hakucheka. "Mzee, ni kweli?"

Mzee Wembe akajikaza kisabuni. Akisema hapana, heshima yake yote ingebaki salama, naye angerudi nayo rumande.

"Ni kweli," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Hata huko ndani, nikienda msalani, wenzangu hunishika bega kunirudisha."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jaji akaandika kwa muda mrefu. Akasema kosa ni zito na litasikilizwa kwa uzito wake, lakini mahabusu si adhabu, na mtu haadhibiwi kabla ya kupatikana na hatia. Akakubali dhamana: mzee akae nyumbani, aripoti kituo cha polisi kila Jumatatu, akisindikizwa na mdhamini wake.

"Umeniaibisha, mama watoto," mzee alilalamika nje ya lango, uso umechorwa kama ramani.

"Nimekutoa, baba watoto. Aibu tutaifua nyumbani."

Mzee akageuka kulia, akaondoka kwa hatua za kijeshi. Nyumbani kulikuwa kushoto. Mkewe alimfuata, akamshika kiwiko, akamgeuza polepole, kama mzee mwenyewe alivyozoea kugeuza kichwa cha mteja kitini, nao wakaenda.