Pete Ndefu za Bunduki ya Ožbej

Zalka aliizungushia bunduki ya mumewe soksi kuukuu ya sufu, akaibana kwenye jiliwa taratibu, mbao isije ikakwaruzika. Miaka yote aliyofanya kazi katika karakana ya bunduki hakuna mwindaji aliyerudi kumlalamikia kuhusu vishikizo vya darubini. Bunduki hii ya nyumbani ndiyo iliyomtoa jasho.

Jumamosi iliyopita, kule kwenye machimbo ya mawe ambako wawindaji wa bonde lao hupimwa shabaha kabla ya msimu wa paa, Ožbej alikosa. Wala si kukosa kidogo. Risasi mbili hazikugusa hata karatasi. Leo alasiri angejaribu kwa mara ya mwisho. Akishindwa, chama cha wawindaji hakitamruhusu kuwinda mwaka huu, na Zalka alimjua mwanamume wake: mnyang'anye msitu wa alfajiri, atanyauka dirishani mbele ya macho yako.

"Darubini imekufa," Ožbej alisema huku akimimina kahawa. "Siku hizi viwanda vinatuuzia takataka."

"Darubini nzima, mzee wangu."

"Basi pete zinazoishika zimelegea."

"Nilizikaza mwenyewe."

"Basi ni upepo!"

"Upepo kule shimoni? Uliingilia wapi, mfukoni mwako?"

Ožbej alicheka, akageuka kumtazama mkewe. Aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno, kama kabati linalohamishwa. Ndivyo alivyogeuka tangu vuli, alipoanguka kutoka kwenye kibanda cha kuvizia. Ukimuuliza, alijibu neno moja tu: imepona.

Zalka aliitoa bunduki kwenye jiliwa, akahakikisha haina risasi, akampa.

"Elekeza ukutani. Fumba macho. Inua kama vile paa katokea ghafla, usijipange. Ikishatulia begani, fumbua."

Ožbej akafanya hivyo. Zalka hakuiangalia bunduki, alimwangalia mumewe: taya lilivyokaza, mdomo ulivyotetemeka shavu likihangaika kushuka mpaka kwenye mbao.

"Unaona nini?"

"Naona vizuri."

"Ožbej."

Mwanamume akashusha pumzi. "Naona mwezi mweusi. Umekula nusu ya picha."

Zalka akalegeza skrubu, akainua darubini, akachomeka chini yake vipande vya kadibodi. Fumba, inua, fumbua. Mwezi ulipungua. Akaongeza kadibodi. Walirudia na kurudia mpaka Ožbej akaguna kwa mshangao: picha ilikuwa duara kamili, angavu, na kichwa chake kimesimama wima bila maumivu. Zalka alipima unene wa kadibodi, akafungua droo, akatoa pete ndefu kuliko zote.

"Hizo? Sitaki!" Ožbej aling'aka. Katika bonde lile darubini ya mwindaji hulala chini, karibu iuguse mtutu, na aliyeiinua huchekwa. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kucheka. "Itaonekana kama korongo juu ya bomba la moshi! Gorazd wa chamani atanisimanga mpaka Krismasi."

"Mwache asimange. Shingo ni yako au yake?"

Neno "shingo" lilikuwa halijatamkwa humo ndani tangu vuli. Ožbej aliiweka bunduki mezani.

"Haipindi tena, Zalka," alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa ikijulikana mtaniambia nitulie nyumbani."

"Nani akwambie? Mimi? Nitakuvumilia vipi hapa jikoni kutwa nzima?"

Akapeleka kiganja chake kwenye shingo ile ngumu, akakiacha hapo mpaka ikapata joto. Kisha akafunga pete ndefu, akikaza skrubu kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Akafunga na mto wa ngozi juu ya kitako cha bunduki, shavu lipate pa kuegemea.

Kule machimboni, Gorazd, mkuu wa uwindaji wa chama chao, aliiona bunduki kabla ya kumwona mwenyewe.

"Jamani! Ožbej kaleta ghorofa! Ngazi iko wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Zalka akasubiri mumewe asingizie kiwanda, au upepo. Ožbej akageuka mwili mzima, akawakabili.

"Shingo yangu haipindi," alisema kwa sauti. "Mke wangu kaniletea darubini huku juu niliko. Mwenye la kusema aseme sasa, nikianza kulenga nataka kimya."

Wakampisha. Ožbej akapiga risasi ya kujaribu, Zalka akarekebisha darubini kidogo. Kisha tatu za mtihani. Gorazd akaiendea karatasi, akarudi akikuna kichwa: zote ndani ya duara, moja imebusu mstari.

Akavunja kitawi cha msonobari uliokuwa kando, akampa Ožbej. Kitawi hicho hupewa aliyeangusha mnyama, si aliyetoboa karatasi, kwa hiyo wengine wakaguna. Ožbej akakivunja katikati, na nusu akaichomeka kwenye kitambaa cha kichwani cha Zalka. Nusu hiyo ni haki ya mwenye mbwa aliyemfuatilia mnyama aliyejeruhiwa mpaka akampata.

"Mimi nimekuwa mbwa?" Zalka alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

"Wewe mwenye mbwa."

"Na mbwa yuko wapi?"

"Ndiye huyu, anakuomba umnunulie bia kabla ya kurudi nyumbani."