Kikohozi cha Ukuta wa Magharibi

Verna alifika bondeni kwao kutoka mji wa Phoenix Jumamosi ya pili ya Desemba, saa kumi jioni, akiwa na watoto wawili, mapipa matatu ya maji na gunia la unga. Theluji ilifika vifundoni. Mama yake, Bi Glennabah, aliwapokea mlangoni.

"Mmekonda," alisema.

"Mama, huyu mtoto nimemnunulia suruali juzi tu, imeshambana."

"Basi suruali ndiyo iliyokonda."

Watoto walitandikiwa ngozi za kondoo upande wa magharibi, mahali pa heshima, nyuma ya jiko. Bibi alikuwa amewangojea mwaka mzima. Alijua hadithi zote za Mbweha, nazo husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka wakiwa wamelala. Ukizisimulia kiangazi, nyoka husikia na huja. Alikuwa na miaka themanini na moja, na kati ya wajukuu kumi na mmoja ni Shandiin wa Verna peke yake, mwenye miaka sita, aliyeweza kuzirudia bila kukosea. Bibi alimpendelea waziwazi na hakuona haya.

Nyumba ilijengwa na mumewe, ambaye jina lake halitajwi, kwa kuwa wafu hawaitwi. Alikuwa mchimbaji katika mgodi wa urani nyuma ya kilima. Mgodi ulipofungwa, wenye mgodi waliacha lundo la mawe bapa, mazuri, ya bure. Aliyasomba kwa pikapu safari arobaini, na bonde zima likamwonea kijicho. Hakuna aliyewaambia kitu.

Miaka ishirini baadaye ukuta wa magharibi ulianza kukohoa kwa sauti ya mume huyo. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mzima, anabeba kondoo begani. "Nyumba imeshikwa na mafua," alisema, akaongeza kuni. Mwaka wa pili akaanza kukohoa naye, kikohozi kile kile, mpaka akafia hospitalini. Ukuta ukanyamaza. Akaja mtu wa serikali na kifaa cha kupimia mionzi, kinacholialia, akaandika namba kwa rangi nyekundu kando ya mlango, akaahidi nyumba nyingine. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Kila mwaka huja mwingine kuipaka namba rangi upya.

Jioni ile walikula mchuzi wa kondoo na mkate wa kukaanga. Bibi alikuwa amefika mahali Mbweha anapojifanya amekufa, ukuta ukakohoa. Mara mbili, kwa sauti nyembamba ya mtoto, na kamluzi mwishoni. Wote walimtazama Shandiin. Mdomo wake ulikuwa umejaa mkate.

"Sio mimi," alisema alipomeza. "Ni ukuta."

"Tumesikia, mwanangu," alisema Verna, akaanza kukunja mablanketi.

"Ngoja basi nimalizie," alisema bibi. "Imebaki kidogo tu."

"Mama, twende wote."

"Na kondoo nimwachie nani?"

Bibi ndiye aliyembeba Shandiin hadi garini. Moyo ulimuuma kama jino.

"Usiwalete tena," alimwambia Verna.

Verna alilia juu ya usukani, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi ya baba yake.

Bondeni simu haishiki. Hushika juu ya kilima tu, na kilima hakipandiki penye theluji. Kwa hiyo waliongea kiangazi, na kila mara Shandiin aliuliza Mbweha alifanyaje, na kila mara bibi alimjibu kwamba nyoka wako macho. Daktari wa Phoenix alikisikiliza kifua cha mtoto kila miezi mitatu na hakukuta kitu.

Juni ya mwaka wa pili, Shandiin alipiga simu saa nne asubuhi, bibi akiwa juu ya kilima.

"Bibi, shikamoo. Nina mafua kidogo."

Akakohoa. Mara mbili, na kamluzi mwishoni.

Bibi alikaa juu ya jiwe. Akamwambia ajifunike kifua. Kisha akaanza pale Mbweha anapojifanya amekufa.

Nyoka walikuja, wadogo kwa wakubwa, wakajikunja kuzunguka miguu yake. Alisogeza viatu kuwapisha, akaendelea mpaka mwisho.

"Sasa rudia," alisema.

Shandiin alirudia. Alikosea mara mbili kwa sababu ya kikohozi, na bibi akamsahihisha.