Kitambaa Cheupe kwa Rupia Elfu Thelathini

Ilikuwa Jumapili, tarehe 23 Machi 2014, saa nne na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyaya za umeme, rasharasha ilikuwa ikidondoka tangu alfajiri, na upande wa bonde la mto Tista kulisikika ngurumo za chinichini ambazo sisi wa Kalimpong, mji wa milima ya India, ikiwa ni mwezi wa Machi, hatuhitaji kuelezwa kwamba zinaleta mvua ya mawe. Mkutano wa mwaka wa Samaj, chama cha mtaa wetu wa Chilaune Dara, ulikuwa umetangazwa kuanza saa tatu kamili. Saa tatu kamili nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbele, pamoja na mbwa mmoja aliyeingia kujikinga na mvua.

Nilisoma shule ya bweni ya mapadri, na huko aliyechelewa sala ya asubuhi alikunywa uji wake amesimama. Sioni kwamba utaratibu ule ulimdhuru mtu. Ndio ulionifanya nitumikie posta miaka thelathini na minne bila kufungua dirisha hata dakika moja baada ya saa yake. Kwa hiyo watu wa mtaa wetu walipoanza kuingia wakikung'uta miavuli, wakiulizana habari za harusi na bei ya tangawizi, nilikuwa nimekwisha kuudhika kabla ya neno la kwanza kusemwa.

Nilikuwa na jambo moja tu, nalo nilikuwa nimeomba liwe la kwanza. Samaj ilikuwa na deni langu la rupia elfu thelathini, nami nilizihitaji wiki hiyohiyo.

Oktoba iliyopita, siku ya pili ya mapumziko ya Dasain, sikukuu yetu kubwa ya mwaka, bomba linaloleta maji kutoka chemchemi lilipasuka pale penye bonde. Nyumba arobaini na sita zikakosa maji katikati ya sikukuu, na wageni wamejaa. Fedha za Samaj zilikuwapo, lakini zilikuwa benki, na benki zilikuwa zimefungwa hadi sikukuu ziishe. Mwenyekiti wetu, Gajendra Mukhia, ambaye ni mkandarasi wa barabara, alikuja kwangu usiku akiwa na tope hadi magotini. Alijua nina fedha ndani. Nilikuwa nimezitoa benki kwa ajili ya kujenga upya ukuta wa mawe unaoshikilia uwanja wa nyumba yangu, ukuta ambao tayari ulikuwa umeanza kufura tumbo.

Nilimpa fedha zile palepale. Sikumwambia nakukopesha. Mtu wa heshima hamtajii jirani mkopo mlangoni, kama muuza duka. Nilimwambia, "Chukua, Gajendra. Iwe sahayog yangu kwa sasa." Na neno letu hilo, sahayog, huchukua kila aina ya kusaidiana: kumshikia jirani ngazi, kumwazima, na pia kumpa moja kwa moja. Lakini nilisema "kwa sasa", na maana ya maneno hayo inajulikana na kila aliyewahi kuazima kisu cha jirani.

Bomba lilitengenezwa. Mwezi uliofuata, kwenye hafla ya Tihar, sikukuu ya taa, niliitwa jukwaani. Gajendra alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba Thulung daju, kaka yetu mkubwa, ametoa sahayog ya rupia elfu thelathini, akanivisha khada, kile kitambaa cheupe cha heshima, watu wakapiga makofi. Niliinama, nikashukuru. Nilidhani wananishukuru kwa wepesi wangu. Tangu hapo nilimwuliza mara mbili, na mara zote mbili alinijibu kwa tabasamu, "Daju, tutalizungumza mkutano wa mwaka."

Wakati huohuo ukuta haukungoja mkutano. Chini yake hasa liko jiko la mjane mmoja, Maili, ambaye mtaa mzima humwita bibi na mimi humwita dada. Hana mtoto wa kiume, na binti yake ameolewa mbali, Assam. Mwezi wa Februari alianza kusikia mawe yakigongana ndani ya ukuta, akahamishia sufuria zake upande wa pili wa chumba, kana kwamba ukuta ukija utakuja kwa sufuria tu. Mwashi, Lakpa, aliukagua kwa nyundo yake akasema, "Mvua za Juni hautazifikia, mzee. Nipe nusu ya malipo kufikia Jumatano nianze. La sivyo naenda Sikkim, nina kazi huko hadi Agosti." Pensheni yangu hununua mchele na dawa. Kukopa sijawahi, na umri huu si wa kuanzia.

Jioni ya kuamkia mkutano nilimtembelea dada Maili, nikamweleza mambo yalivyo. Alinimiminia chai, akaitikia kwa kichwa. "Sawa, mdogo wangu," alisema. "Haki yako iko wazi."

Gajendra alifungua mkutano kwa hotuba ndefu, kisha akatangaza kwamba ajenda ya kwanza ni kupandisha ada ya mwezi kutoka rupia hamsini hadi mia moja. Nilisimama.

"Mwenyekiti, ajenda ya kwanza ilikuwa yangu."

"Yako ipo, daju, ipo. Kaa kwanza upate chai. Chai inapoa."

"Sikuja kunywa chai."

"Basi nipe mimi!" alisema kutoka nyuma Norden, dereva wa jipu za abiria, na ukumbi ukacheka. Nilikaa.

Mhazini, Roshni Khawas, mwalimu wa shule ya msingi, alisema benki kuna laki moja na elfu arobaini. Akasoma pia nyumba zenye malimbikizo ya ada, na kila jina lilipotajwa mwenyewe alitazama darini. Ndipo Gajendra akaeleza ada inapandishwa kwa ajili gani. Samaj ijenge lango la zege penye njia ya kuingilia mtaani, lenye paa la bati jekundu na maandishi ya kukaribisha wageni.

"Lango la nini?" aliuliza Norden. "Sisi ng'ombe, tutatoroka?"

"Mtaa wa Bhalukhop wana lango. Wa juu yetu wana lango. Mgeni anapita hapa hajui hata ameingia kwetu!"

"Akitumbukia kwenye mashimo yetu atajua tu ameingia kwetu, mwenyekiti."

"Wewe, Norden, una miezi saba hujalipa ada. Usiniharibie mkutano."

"Nikilipa nitakuwa nimelipia lango. Heri nidaiwe."

Mama mmoja alisema afadhali kununua masufuria makubwa mapya, maana yale ya Samaj yamepikia harusi mpaka yamekuwa mepesi kama karatasi. Mwingine akataka viti vya plastiki. Ugomvi wa sufuria na viti ulichukua muda mrefu kuliko hesabu ya mwaka mzima, na katika muda wote huo hakuna aliyeuliza ni nani atakayepewa kazi ya kujenga lango. Niliuliza mimi.

Gajendra alicheka. "Daju, nani mwingine hapa anajua zege? Nitalijenga mimi, bila faida. Sahayog."

Makofi. Mtu akisema neno lile mtaani kwetu, watu hupiga makofi kabla ya kufikiri.

Nilisimama mara ya pili, na safari hii sikukaa. Nilisema kwa ufupi, kama nilivyofundishwa kusema: Oktoba niliipa Samaj fedha, kwa sababu benki zilikuwa zimefungwa, benki zilifunguliwa wiki iliyofuata, fedha hazijarudi, nina ukuta unaoanguka, na chini yake kuna mtu. Nilikuwa naanza kueleza habari za mwashi pale mvua ya mawe ilipofika. Ilipiga lile paa la bati kwa kishindo hata kinywa changu kikawa kinafumbuka na kufumba bila mimi mwenyewe kujisikia. Nilipaza sauti. Mtu aliye mbele yangu aliweka mkono sikioni na kutikisa kichwa. Watoto walikimbilia mlangoni kuokota mawe ya barafu. Nilibaki nimesimama, tai yangu imenyooka shingoni, nikingoja mbingu zimalize zamu yake, na watu walipotulia, wote walikuwa wamekwisha kusahau nilikuwa nasema nini.

Nikaanza upya.

"Daju," Gajendra alinikatiza kwa upole ule unaomchoma mtu zaidi ya tusi, "nani asiyejua wema wako? Jina lako tumelipaka rangi pale ukutani, la kwanza kabisa." Akaonyesha ubao wa wahisani. "Lakini ile ilikuwa sahayog. Ulisema kwa mdomo wako."

"Nilisema sahayog kwa sasa."

"Mimi nilisikia sahayog."

"Ulisikia nusu unayoitaka."

"Haya, hata kama." Akawageukia watu. "Jamani, nyie ni wazee, mmeona mengi. Kuna mahali mtu amekopesha fedha akavishwa khada? Benki ikikukopesha, wewe huenda kumvisha meneja khada?"

Kicheko kilipasuka. Hata Roshni alificha mdomo.

"Na aliyevishwa," aliendelea, "akainama, akashukuru, akaenda nayo nyumbani. Daju, kama ilikuwa mkopo, ungeikataa palepale."

"Niikatae mbele ya watu mia mbili? Nikuaibishe jukwaani?"

"Basi leo unaniaibisha wapi? Chooni?"

Nilijisikia damu ikinipanda hadi masikioni. Si kwa kicheko, maana katika bweni mtu huzoea kuchekwa, ila kwa sababu nilitambua kwamba adabu yangu yote ya siku zile mbili, ya mlangoni na ya jukwaani, ilikuwa imehesabiwa kama sahihi yangu ya kutoa bure. Laiti ningekuwa mtu wa ovyo, nikamwambia usiku ule "nakukopesha, andika hapa, weka dole gumba," leo ningekuwa nimelipwa.

Norden ndiye aliyenitetea, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. "Mlipeni mzee wa watu. Fedha iko. Lango lipungue paa."

"Tukimlipa yeye," Gajendra alisema, "kesho kila aliyewahi kutoa sahayog atakuja kudai. Aliyetoa mifuko ya saruji, aliyetoa mbuzi wa pikniki. Samaj itabaki na nini? Tupige kura tumalize. Wanaosema ilikuwa mkopo, mikono juu."

Mikono ilipanda kwa kusitasita, ya Norden kwanza. Roshni alihesabu mara mbili: kumi na tisa.

"Wanaosema ilikuwa sahayog."

Mikono ikapanda tena. Roshni alihesabu, akafika kumi na tisa, akasita, akaangalia mlangoni, alikokuwa ameketi dada Maili na shali yake imefunika kichwa. Hakuwa ameinua mkono mara ya kwanza. Sasa aliuinua, taratibu, hadi usawa wa sikio, na macho yake yakabaki chini.

"Ishirini," alisema Roshni.

Nilivuka ukumbi mbele ya watu wote, nikasimama mbele yake.

"Dada. Ukuta uko juu ya jiko lako. Si langu."

"Najua, mdogo wangu."

"Jana uliniambia haki yangu iko wazi."

"Iko wazi. Hata leo iko wazi." Alinitazama sasa, na sikuona haya usoni mwake, ila uchovu. "Wewe una watoto wa kiume wawili. Mimi nina Samaj. Ukuta ukianguka, labda niko jikoni, labda niko nje. Lakini kufa nitakufa, hilo halina labda. Siku hiyo ni mwenyekiti anayetuma watu nyumba kwa nyumba, kila nyumba mtu mmoja na gogo la kuni. Akinuna, akiwaambia watu wana kazi nyingine, nani atanibeba hadi mtoni nikachomwe? Wewe? Na goti hilo?"

Kila mmoja mle ndani aliwahi kubeba, na kila mmoja alijua nyumba moja ya mtaa wa pili iliyogombana na Samaj yake, maiti ikalala siku mbili wakitafuta mabega ya kukodi.

Nilikuwa nimekwenda na hoja zangu zimepangwa vizuri, ya kwanza hadi ya mwisho, na hapakuwa na hata moja iliyomfaa. Gajendra hakuwa amemtisha. Sidhani hata alikuwa amemwaza. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote: hapakuwa na mtu wa kumshtaki.

Nilirudi mbele. Roshni alikuwa akiandika, nami nikamtaka asome alichoandika. Alisoma kwa sauti ndogo: "Thulung daju ameiomba Samaj sahayog ya rupia elfu thelathini kwa ajili ya ukuta wake. Ombi halikukubaliwa."

"Futa," nilisema. "Sikuomba. Nilidai. Andika kwamba Pratiman Thulung alidai fedha alizoikopesha Samaj, na Samaj imekataa kumlipa."

"Daju, ni maneno tu," alisema.

"Ni maneno tu ndiyo yaliyonifikisha hapa."

Alimtazama mwenyekiti. Gajendra alikuwa ameshika kikombe cha chai, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Usifute," alimwambia Roshni. Kisha kwangu: "Daju, mambo ya ukuta nenda manispaa. Samaj haidaiwi na mtu yeyote hapa."

"Mimi sijauliza habari za manispaa. Nauliza kama unanilipa."

"Watu wamepiga kura."

"Kura ilikuwa juu ya neno. Nauliza juu ya fedha. Elfu thelathini. Unanilipa au hunilipi?"

Mawe ya barafu yalikuwa yakiyeyuka na kudondoka kutoka ukingo wa paa.

"Hatulipi," alisema Gajendra.

Nilimtaka alirudie kwa sauti, ili nyumba zote zilizowakilishwa mle ndani zisikie. Aliweka kikombe chini, akalirudia.

"Hatukulipi."

Safari hii hakutaja sahayog. Nikachukua mwavuli wangu, nikatoka.