Picha za Mtu wa Pua ya Shaba

Saratani ilimla mume wangu pua, ikamwachia ukaidi wake wote. Hospitali walimtengenezea ya bandia, nzuri tu, lakini Sudi akaitia kwenye droo, akajifungia chumbani. Sasa imefika Jumamosi ya ndoa ya binti yetu Aziza. Imamu ameshaketi sebuleni kwetu, hapa ugenini Berchem, na baba ndiye anayeozesha. Bila kauli yake hakuna ndoa.

Aziza, anayesoma historia ya sayansi, alikuwa amembandikia ukutani picha za Tycho Brahe, mwanafalaki wa zamani wa Denmark. Huyo alikatwa pua kwa upanga ujanani, katika ugomvi na jamaa yake. Akavaa kipande cha shaba, akawa anakigandisha kwa gundi maisha yake yote. Bado alizipima nyota, akapata jina, akachorwa mara nyingi, na katika baadhi ya picha unauona mstari pale pua ya kutengenezwa inapokutana na nyama. Aziza alidhani baba yake atapata moyo. Wapi, alipata hasira. Aliniambia yule alikuwa bwana mkubwa, na wachoraji walilipwa wamtazame.

Nilibisha mlango, nikabembeleza, mwisho nikatukana. Nilikata tamaa kabisa, nikalia mbele ya wakwe. Ndipo Sudi akajibu kutoka ndani: anamfanya Jamal wakili wake, amwozeshe Aziza badala yake. Jamal, aliyekaa pale sebuleni na mashahidi wa ndoa, ni rafiki yake tangu Bujumbura, na Aziza humwita Tonton, yaani ami. Walikimbia vita pamoja.

Imamu hakukataa. Aliwauliza tu mashahidi kama wanaitambua sauti ile kuwa ya Sudi. Wakatazamana. Ugonjwa ulikuwa umeiharibu na sauti, inatoka kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Tonton Jamal, si ni papa?" Aziza akauliza, akiuonyesha mlango wa baba yake.

"Mutoto wangu, siwezi kuapa. Ile sauti siijui."

Aziza akaketi chini na shela lake.

Ufunguo ukazunguka. Sudi akatoka amevaa kanzu, bila pua ya bandia, bila bandeji, tundu liko wazi. Sebule nzima ikainamia kapeti.

"Bon, ni yeye, ni Sudi," Jamal akasema upesi, macho chini. "Tuendelee."

Sudi hakusogea.

"Hapana. Niangalie kwanza, Jamal. Halafu useme."