Laptopu ya Bibi Haizimwi

Kinyozi alikuwa amepiga magoti mbele ya meza ya sebuleni, shavu lake karibu na ubao, akisukuma kizibo cha chupa ya soda chini ya pembe ya mwisho ya laptopu. Pembe tatu zilishakaa juu ya vizibo vyao. Alipomaliza alipitisha kidole kwenye ule uwazi, kisha akaweka mgongo wa mkono chini ya tumbo la mashine, kama mzazi anayempima mtoto homa.

"Bado anachemka?" Mjomba aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Anachemka. Ila sasa angalau ana pa kuhemea."

"Mimi tangu nianze kuchemka hakuna aliyeniwekea kizibo," alisema Mjomba, akajigeuza upande wa pili.

Laptopu ile ilikuwa ya Bibi. Kabla ya Bibi ilikuwa ya Mjomba kazini, na kabla ya Mjomba hakuna aliyejua, kwa sababu hata ofisi yenyewe ilishaisahau. Bibi alikuwa akiitumia kutazama mieleka. Kila jioni alikaa mbele yake na sindano ya kufumia na furushi la sufu mapajani, akifuma huku akiwafundisha wanamieleka kazi yao: "Mvunje huyo! Unambembeleza, ni mkeo?" Alifuma vitambaa vya kufunikia kila kilichosimama tuli. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake, redio chake, birika chake, na kile kitambaa cha zambarau cha meza kubwa nacho kilikuwa na kitambaa kidogo cheupe juu yake, ili kisishike vumbi.

Sasa Bibi alikuwa amefariki, na laptopu yake ilikuwa imepewa kazi moja tu: kuisoma diski yenye video ya sherehe ya Mjomba kustaafu. Duniani kote hapakuwa na kitu kingine chenye sauti ya Bibi. Siku ile alimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akaitukana familia nzima mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata umri, bila kumkosea mtu zamu yake. Diski alipewa Mjomba aitunze. Naye Mjomba, meza yake ilipoanza kuyumba, alitafuta kitu chembamba, kigumu, cha kimo kinachofaa.

"Ningejuaje?" ndilo lililokuwa jibu lake kila mara. "Ilienea kabisa chini ya ule mguu."

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili aliwapa programu ya bure ya kuokoa vilivyomo kwenye diski iliyoumia. Akamwonya Kinyozi: programu hii husoma polepole, siku nzima na zaidi, na haiweki akiba ya ilichosoma. Mashine ikizimika katikati, inaanza upya, kama mlevi aliyekatizwa hadithi. Na diski yenyewe haitavumilia kuanzwa upya mara nyingi. Kila safari inakwaruzika zaidi. Mashine, kwa upande wake, ilikuwa ikishikwa na joto inazimika tu, bila kuaga.

Kila mtu nyumbani alitaka kumsikia Bibi tena. Kinyozi alitaka zaidi ya hapo, ila hakusema. Wakati Bibi anatukana, yeye alikuwa uani akibeba viti, akasikia vicheko tu. Aliporudi aliambiwa kwamba naye katajwa. Mjomba alisema Bibi alimwita bingwa wa kufagia nywele za watu. Mama Mdogo akasema la, maneno yalikuwa: "Huyu anavijua vichwa vyote vya mtaa huu isipokuwa chake." Mama alisema hakumbuki vizuri, akaenda kutazama sufuria jikoni. Vinywa vitatu, majibu matatu. Na Bibi alikuwa na mwenendo wake unaojulikana: aliyempenda alimtukana. Asiyempenda alimwambia "karibu" na "ahsante", basi. Tangu Kinyozi aache masomo ya uhasibu akafungua duka la kunyolea kwenye chumba cha mbele, Bibi alikuwa akimwambia "ahsante". Ndiyo maana alishuku kwamba siku ile alirukwa, na kwamba ndugu zake walimtungia matusi kwa huruma.

Alianzisha programu, akasubiri hadi mstari wa kijani ulipoanza kutambaa.

"Mama, anasoma. Msimguse, nina mteja."

Alimnyoa mteja kwa utulivu wake wa kawaida, shingo, masikio, paji, akarudi huku akipangusa mikono. Hakuiona laptopu. Aliona kilima cha kitambaa cheupe chenye pindo la waridi, kimenyooshwa pande zote, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Chini ya kilima palikuwa kimya.

"Mama."

"Eeh?"

"Nani kaifunika?"

"Vumbi, mwanangu. Umeiacha uchi mchana kweupe, na watu wanapita hapo dirishani."

"Imezimika."

"Labda imelala."

Kinyozi hakugomba. Katika nyumba ile mkono ulifunika kabla kichwa hakijafikiri. Yeye mwenyewe hakuwahi kufunga duka bila kuifunika mashine yake ya kunyolea. Alimwomba Mama ruhusa, akaondoa maua, akaondoa kitambaa, akangoja ipoe, akaanza upya. Diski ikatoa mlio kama wa mtu anayetafuta kohozi.

Mteja wa pili alikuwa na ndevu nyingi. Kinyozi aliporudi safari hii, Mjomba alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kifua mbele, kama mgeni rasmi anayengoja kukata utepe.

"Nimemaliza tatizo," alisema. "Weka mkono. Baridi kama salamu za mkwe."

Vizibo vilikuwa vimepangwa pembeni kwa heshima. Laptopu ilikuwa imelala juu ya samaki mzima aliyeganda, ndani ya mfuko wa nailoni, mkia ukichungulia upande wa waya wa umeme.

"Huyo samaki ni wetu wa jioni," alisema Mama Mdogo kutoka mlangoni. Alikuwa ndugu mdogo wa Mama na wa Mjomba, na hakuwa na kazi aliyoipenda kuliko kumrekebisha kaka yake.

"Ataliwa! Anafanya kazi mbili, tofauti na watu wengine."

Kinyozi alichomoa waya na kutoa betri kwanza, ndipo akasema. Aliinua mashine, akawaonyesha tumbo lake. Lilikuwa limejaa matone, na tone moja lilikuwa linateleza kuelekea kwenye matundu.

"Mjomba, baridi kali inaita maji. Yakiingia humu, Bibi hamtukani mtu tena."

Mjomba alilitazama lile tone, na kifua kikarudi mahali pake. "Nilitaka kusaidia," alisema. "Aliyeivunja ni mimi."

"Basi saidia kwa kukaa, kaka," alisema Mama Mdogo. "Kipaji unacho."

Kinyozi aliipangusa mashine, akaiegemeza wima ikauke, akaketi kuitazama. Hakuwahi kufungua laptopu maishani mwake, na hakupenda kushika asichokijua. Lakini alikuwa akifikiria mashine yake ya kunyolea. Ikipata joto haiwekei barafu. Anaifungua, anatoa nywele.

Alileta bisibisi ndogo na taulo safi kutoka dukani. Alifungua skrubu moja moja, akazilaza juu ya taulo kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kisha akachokonoa mfuniko kwa ukingo wa chanuo. Alitegemea kuona vumbi. Alichokiona kati ya feni na yale matundu ya kutolea joto kilikuwa kama kigodoro. Kinene, kimeshindiliwa, chenye rangi.

"Panya amezaa?" aliuliza Mjomba, bila kusogea kochini, maana alikuwa ameambiwa asaidie.

Kinyozi alikivuta kwa ncha ya brashi ya kupangusia shingo za wateja. Kilitoka kizima. Ilikuwa sufu. Miaka yote ile Bibi alipofuma mbele ya mieleka, laptopu ilikuwa ikivuta hewa pamoja na manyoya ya nyuzi zake, tabaka juu ya tabaka.

Mama Mdogo alikichukua akakipeleka kwenye mwanga wa dirisha. "Hii kijani ni ya televisheni."

"Na hiyo ya damu ya mzee ni kofia yangu," alisema Mjomba, ambaye sasa alikuwa amesimama, akajigusa kichwa. "Ile iliyonibana hadi nikaona nyota. Alisema si kofia ndogo, ni kichwa kimejaa hewa."

"Zambarau. Nyeupe, ile iliyofunika zambarau. Na hii buluu?"

Walitazamana, wakaitazama sebule. Hapakuwa na kitu cha buluu. Na ile buluu ndiyo iliyokuwa laini kuliko zote, ya juu kabisa, ya mwisho kumezwa. Mama aliingia chumbani akarudi na mkoba wa sindano wa Bibi, ambao hakuna aliyekuwa ameufungua. Ndani mlikuwa na kitu cha mviringo cha buluu, kimepita kisahani hakijafika sahani, sindano bado imechomwa ukingoni.

"Kofia," alisema Mjomba, akakijaribu.

"Ya kichwa cha nani, cha paka?" alisema Mama Mdogo. "Hicho ni cha birika."

"Birika lina chake."

Kinyozi alikitazama kile kitu. Alikuwa anakumbuka kwamba muda mfupi kabla hajaugua, Bibi aliingia dukani, akakalia kiti cha kunyolea pasipo haja ya kunyolewa, akaegemeza kichwa, akapapasa kile kiegemeo kwa vidole nyuma ya kisogo chake, akasema "ahsante", akatoka. Wakati ule alidhani anadhihakiwa. Kitu kile cha buluu kingeenea kiegemeo. Kingeenea pia sufuria ndogo. Hakutaka kumbambikia marehemu nia kwa ushahidi wa uzi.

"Tuitupe hii?" Mjomba aliuliza, akionyesha kigodoro.

Mama alikitia ndani ya glasi, akaifunika kwa kisahani.

"Hata kufa amekufa," alisema Mama Mdogo, akicheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja, "bado anatuziba pumzi."

Kinyozi alirudisha mfuniko. Skrubu moja ilibaki, na Mjomba akamfariji kwamba hiyo ndiyo dalili ya fundi wa kweli. Vizibo vilirudi chini ya pembe. Pazia la upande wa jua lilifungwa, mwanga wa kioo cha laptopu ukapunguzwa, na feni kubwa ya dukani ikahamia sebuleni. Wateja wa jioni wangenyolewa na jasho lao. Mashine ilipowaka, ilitoa pumzi ya uvuguvugu ubavuni, ndefu, kama mtu aliyevuliwa viatu vya kuazima.

Mstari wa kijani ulipita mahali ulipokuwa ukifia siku zote. Ukapita robo. Jua lilipoanza kulegea, majina ya vilivyookolewa yakaanza kujipanga upande wa kulia, na kati yao ikatokea picha ndogo kama stempu. Bibi, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, kidole kimemnyooshea mtu aliyekatwa na ukingo wa picha.

"Fungua!" Mjomba alikuwa ameshafika kwenye kipanya.

"Bado anaisoma, Mjomba. Tukimpa kazi ya pili atapanda joto, akizimika hatuna diski ya kurudia."

"Dakika moja tu."

"Hata meza uliiwekea diski kwa dakika moja tu," alisema Mama Mdogo.

Mjomba alinung'unika, lakini mkono wake haukutoka. Mama Mdogo alisogea karibu na Kinyozi, akashusha sauti.

"Unaogopa."

"Mashine ina joto."

"Mashine imepoa. Nimeigusa."

Kinyozi alikitazama kile kidole cha Bibi. "Yote mawili, Mama Mdogo," alisema. "Lakini hata nisingeogopa, ningengoja. Akimaliza, tutamsikiliza mwanzo hadi mwisho. Na mimi nitakuwemo au sitakuwemo."

Mama alikuwa amesikia. Hakusema alichokumbuka wala asichokumbuka. Alichukua kile kitu cha buluu, sindano ikiwa bado ukingoni, akauondoa mkono wa kaka yake taratibu, akakifunika kipanya.

"Hapa hapaguswi mpaka kesho," alisema.

Ulikuwa ufundi mkubwa kuliko wa samaki. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuthubutu kuondoa kitambaa cha Bibi juu ya kitu bila ruhusa. Mjomba alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa begani, akajaribu kuchungulia nje ya ukingo wa picha.

"Sasa pale anamnyooshea nani?"

"Kesho, Mjomba."

Kizibo kimoja kilikuwa kimeteleza. Kinyozi alipiga magoti, akakirudisha chini ya pembe yake, akaweka mgongo wa mkono chini ya tumbo la mashine, akauacha hapo.