Sentimita Ishirini za Juu

Jumanne ile, siku mbili kabla ya wapimaji wa udongo kuja, Hjördis Stenvall alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la viazi tangu saa mbili asubuhi, anaokota vioo. Vilikuwa vya kila rangi: buluu, kijani cha chupa, wekundu wa bilauri za arusi. Aliviokota kwa mkono kwa sababu reki iliviruka vile vidogo. Glavu zilikwisha toboka zamani. Kidole cha shahada alikifunga kitambaa cha jikoni, kitambaa kikalowa damu, naye akaendelea tu, maana miaka sabini na mmoja haikumfundisha kuacha kazi nusu.

Mvua ikinyesha, vioo huzuka tena. Kila mtu wa kijiji chetu cha Skärvefors analijua hilo. Kijiji kizima kimekaa juu ya takataka za kiwanda cha vioo: kwa zaidi ya miaka mia moja tanuri lilitema vioo vilivyoharibika, matofali mabovu na unga wa kemikali uliomwagika, na kiwanda, kwa huruma zake, kikawagawia wafanyakazi bure ili wajazie viwanja vyao vya kinamasi. Alvar, marehemu mumewe, alisomba kifusi hicho kwa toroli majira mawili ya kiangazi, akawa anajisifu kwa kazi ile mpaka figo zilipomnyamazisha. Hjördis mwenyewe alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha kuchanganyia, akipima mchanga, madini ya risasi, na ule unga mweupe wa arseniki, sumu inayofanya kioo king'ae. Kiwanda kilifilisika, wenyewe wakaenda zao, unga ukabaki.

Sasa serikali ilikuwa imetoa fungu la fedha za kusafisha udongo. Si viwanja vyote, ila vile vitakavyopimwa na kuonekana vimezidi kiwango cha sumu. Kiwanja kikiingia kwenye orodha, udongo wote unachimbwa mita moja na nusu, unapelekwa kuzikwa mbali, na mwingine safi unamwagwa. Hjördis hakuomba kitu kingine duniani. Binti yake Tove, aliyeko Kalmar, alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya kuhangaika miaka mingi, na tangu huyo Majken aanze kutambaa hakuletwa tena kwa bibi yake. Tove ni muuguzi. Barua ya wilaya ya kuonya juu ya udongo aliisoma mstari kwa mstari.

"Mtoto anatia kila kitu mdomoni, mama," alisema kwenye simu. "Udongo ukibadilishwa nitamleta kila wiki, mpaka utuchoke. Kabla ya hapo usiniombe."

Hakumwomba tena. Aliwangoja wapimaji, na hapo ndipo alipokosea, kosa la mwanamke wa huku Småland hasa, ambaye hata akiwa mahututi atafagia kwanza sakafu ndipo daktari aitwe. Aliona haya. Watu wa mjini waje wakute bustani imejaa vigae vya vioo kama kwa jirani Sixten? Jumatano akaazima gari la huyo huyo Sixten, akaenda Nybro, akarudi na mifuko ishirini na miwili ya udongo mweusi wa dukani. Akaimwaga juu ya matuta yote, akasawazisha kwa reki, akapiga mistari. Ilipofika jioni bustani ilikuwa nyeusi, laini, imetulia kama sebule.

Sixten Bohlin, jirani yake, aliegemea uzio akicheka. Uani kwake kulikuwa na mashine ya kufulia iliyokufa, magugu ya kufika kiunoni, na vioo vilivyomeremeta jua likipiga. Alikuwa mpuliza vioo zamani, na tangu tanuri lizimwe hakupuliza wala hakufagia.

"Mama Usafi," alisema, "hao watu wanakuja kutafuta uchafu. Wewe utawapa nini?"

"Kaa na jalala lako."

"Nakaa nalo. Wakilihitaji, lipo."

Alhamisi alikuja Annelie Rosvall, wa kampuni ya washauri ya Växjö iliyopewa kazi na wilaya. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea na glavu za buluu. Alijitambulisha kwa jina la kwanza tu. Huku kwetu hatuitani bwana wala bibi, hata mkuu wa wilaya ni jina tupu, kwa hiyo hujui kama umekalishwa chini mpaka ujaribu kusimama.

Kazi yake haikuwa na fumbo. Alikuwa na bomba la chuma la kuzamisha ardhini, na ndoo. Kila kiwanja mashimo kumi, na kwa kila shimo sentimita ishirini za juu, maana huko ndiko mtoto anakochezea na mboga zinakoota. Udongo wa mashimo yote kumi unatiwa kwenye ndoo moja, unakorogwa, unajaza kikopo kimoja cha kwenda maabara. Kinachorudi kutoka maabara ni wastani.

Shimo la kwanza, bomba lilitoka na udongo mweusi tii. Annelie aliusugua kwa vidole. Akainua macho, akaitazama bustani, kisha akaitazama mifuko mitupu iliyokunjwa vizuri kando ya banda, picha ya nyanya ikiwa juu.

"Umeongeza udongo, Hjördis?"

"Nimesafisha kidogo tu. Siwezi kuacha wageni wakute vile."

"Pamependeza sana," alisema Annelie, akazamisha bomba kwa shimo la pili.

Hjördis alifurahi, na hata leo anajichukia kwa furaha ile. Mgeni njoo mwenyeji apone, alijiambia, akaingia ndani kuweka kahawa. Kupitia dirisha aliona bomba likikwaruza kwenye shimo la saba, karibu na mtofaa, pale udongo wa dukani ulipokuwa umemwishia. Lilitoka na unga wa kijivu na kigae cha buluu. Annelie alikibandua kigae kwa kucha, akakitupa, na ule unga akautia ndooni, juu ya weusi wa mashimo sita. Matatu ya mwisho yalikuwa meusi pia. Akakoroga.

Walikaa kwenye ngazi ya mlango na kahawa na keki ya matofaa. Annelie aliuliza kwanza kama maji ni ya bomba la wilaya au ya kisima. Ya bomba, Hjördis alisema, na mgeni akanywa. Kisha akauliza kuhusu matofaa ya keki.

"Ya mti huo huo," alisema Hjördis kwa fahari.

Basi Annelie akasema ameshiba mno, ataila njiani. Akaifunga keki kwenye karatasi, akashukuru mara mbili. Kesho yake Hjördis alipokwenda kituo cha basi kutupa takataka, aliikuta keki juu ya pipa, imelala pamoja na glavu za buluu, haijang'atwa. Alisimama pale akiitazama. Miaka yote hiyo wanakula, Alvar alikula, Tove alikulia hapo, na mtu anayejua hakuweza kuitia mdomoni hata kwa adabu tu.

Lakini akiwa njiani kurudi alipata moyo. Aliyeogopa keki yangu, aliwaza, hawezi kuandika kwamba kiwanja changu ni kizima.

Mwezi wa kumi na moja wakaitwa kwenye ukumbi wa kijiji kusomewa majibu. Palikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini, na ramani kubwa ukutani. Viwanja vyekundu vitachimbwa, vya kijani viko salama. Cha Sixten kilikuwa chekundu, kama pua yake. Cha Hjördis kilikuwa kijani. Alisogea mpaka karibu na ramani, akaweka kidole juu yake, akahesabu nyumba kutoka barabarani. Ilikuwa yake.

Ingemar Dahlkvist, msimamizi wa mradi wa wilaya, alikuwa na sweta nzuri na tabia ya kuinamisha kichwa anapomsikiliza mtu.

"Kuna kosa," Hjördis alisema. "Kiwanja changu na cha Sixten ni kifusi kimoja. Alvar alivijaza vyote viwili, kwa toroli moja."

"Hjördis, kijani ni habari njema. Wapo humu ambao wangefurahi."

"Juu ni udongo wa dukani. Niliumwaga mimi mwenyewe, siku moja kabla."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ila wanamjua. Ingemar naye alitabasamu, akamgeukia Annelie, na Annelie akaeleza kwamba sampuli zilichukuliwa kwa utaratibu uleule kwenye viwanja vyote, sentimita ishirini za juu, mashimo kumi.

"Uliiona mifuko," Hjördis alimwambia. "Uliniuliza, nikakujibu."

Annelie aliitazama meza. "Fomu haina mahali pa kuandika mifuko," alisema taratibu. "Ina mahali pa kuandika kina."

"Na keki yangu uliitupa kwa fomu gani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Masikio ya Annelie yaliiva. Ingemar akasema wapokee swali linalofuata, na kwamba nyuma bado kuna mikate. Ndivyo wanavyofanya hawa: funika kombe mwanaharamu apite, kisha wanakukaribisha kahawa.

Nje, Sixten alimngoja ili watembee pamoja. "Umefagia mpaka umejifagia mwenyewe," alisema, kisha akamsindikiza hadi mlangoni kwake.

Hjördis hakukubali kushindwa upesi. Kabla ardhi haijaganda alichukua sepetu akachimba kwenye tuta, urefu wa mkono mzima, akajaza chupa ya jemu: unga wa kijivu, vigae, na kitu cha njano kama yai lililooza. Akapanda basi nayo mpaka ofisi ya wilaya, akaiweka mezani kwa Ingemar. Ingemar aliisukuma irudi upande wake kwa ncha ya kalamu. Akaeleza, kichwa kikiwa kimeinama, kwamba sampuli iliyochukuliwa na mtu asiyeidhinishwa si sampuli. Kupima upya kungewezekana, ila orodha ilikwisha tiwa saini, na kuifungua kwa ajili ya mmoja ni kuwacheleweshea majirani zake wote. Je, alitaka kuwacheleweshea majirani? Hjördis alirudi na chupa mapajani. Tove alipopiga simu jioni, alimwambia habari yote, hata mifuko.

"Mama," Tove alisema, "kwa nini?"

"Kulikuwa kubaya, mwanangu. Nisingeweza kuwaacha waone."

Mwezi wa nne katapila ziliingia kwa Sixten. Zilichimba wiki moja, zikafuata mpaka wa viwanja kwa uzi ulionyooshwa, na zilipomaliza, upande wa Hjördis ulibaki umesimama kama ukuta uliokatwa kwa kisu. Kijiji kilikuja kuutazama. Juu ulikuwa mweusi, unene wa shubiri moja. Chini yake kilianza kijivu, kisha tabaka la kijani, tabaka la njano, matofali, vigae vilivyoshikamana, kijivu tena, mpaka chini kabisa kwenye maji meusi yaliyonuka kiberiti. Mtu hakuhitaji maabara. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini waliokuwa na saini hawakuja kutazama.

Mwendesha katapila alishuka na marobota ya kitambaa kizito cha plastiki. Akakitandaza kwenye ukuta ule wote, kuanzia juu hadi chini, akakipigilia kwa misumari mirefu. Hjördis alimuuliza ni cha nini.

"Ili wa kwako usiingie kwenye huu mpya," alisema. "Huu umepimwa, hautakiwi kuchanganyika."

"Na wangu umepimwa."

Yule mtu, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akatoa karatasi mfukoni, akatafuta namba ya kiwanja. "Kweli," alisema. "Wako ni safi." Akairudisha karatasi, akaendelea kupigilia.

Sikukuu ya katikati ya kiangazi Sixten alikuwa na majani mapya, ya kijani kiasi cha kumtia mtu aibu. Ni yeye aliyempigia Tove simu. Meza iko, alimwambia, samaki wapo, viazi nimenunua, mlete mtoto hapa kwangu. Alidhani anatenda wema, na huenda kweli alitenda.

Tove alimweka Majken chini kwenye yale majani. Mtoto alikuwa na miezi kumi na saba na alikwisha anza kukimbia. Hjördis aliwaona kupitia dirisha, akavua aproni, akatoka karibu kwa mbio, mpaka kwenye pengo la uzio.

"Viatu, mama," Tove alisema bila kumtazama usoni.

Hjördis akavivua, akaviacha upande wake. Tove akatoa vile vitambaa vyenye majimaji vya kumfutia mtoto, akamshika mama yake mkono, akamfuta kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya wodini, akipitisha ncha chini ya kucha. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili kilitoka kijivu. Cha tatu kilitoka kijivu pia. Macho yakimjaa machozi, Tove akachomoa cha nne.

Hapo Majken akamwona bibi yake. Akacheka, akaachia mguu wa meza, akaja mbio mikono ikiwa mbele. Hjördis alikitazama kitambaa mkononi mwa binti yake. Kisha akaficha mikono yake mgongoni, na kabla mtoto hajamfikia, akarudi nyuma.